Maneno ya Kiingereza Yaanzayo kwa H: Juu ya "Hut", "House" na "Home"

Mwalimu afundishaye Kiingereza katika nchi ya Musoma hakai siku nyingi bila kuulizwa na wanafunzi wake tofauti iliyopo kati ya "house" na "home". Najua kwamba swali hili huulizwa Tanga na Songea pia. Lakini huku Mara lina uzito wake, na hapa Buhare zaidi, kwa sababu chuo chetu kilijulikana zamani kwa mafunzo yale yaitwayo kwa Kiingereza "home economics". Mwanafunzi hufungua kamusi kwenye herufi ya nane, akashuka na ukurasa kwa kidole. Penye "hut" hukuta nyumba ndogo, au kibanda. Penye "house" hukuta nyumba. Penye "home" hukuta nyumbani, au kwetu. Hufunga kitabu akidhani amejibiwa. Walakini hajajibiwa, maana ameuliza maneno matatu akapewa moja, lililobadilishwa mavazi tu.

Kusudi langu ni kueleza jinsi mistari hiyo mitatu ilivyopata kuandikwa, na mambo yaliyowapata watu kwa ajili yake. Asidhani msomaji kwamba ni neno la darasani tu. Mstari mmoja katika hiyo ulitozwa kodi nchi nzima, na mwingine ulizuia maiti asizikwe kwa muda wa miezi mitano.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kupanga maneno kwa herufi zake za mwanzo si desturi iliyokuwako tangu kale kwa watu wote, hata kwa Waingereza wenyewe. Robert Cawdrey, kasisi aliyekuwa pia mwalimu wa shule, alipotoa kamusi yake mwaka 1604, alilazimika kuwaeleza wasomaji wake kwamba hawana budi kujua kwa moyo mpango wa herufi, wapate kujua kama neno lao litafutwe mwanzoni mwa kitabu au mwishoni. Maneno yake yalikuwa kama 2,500, nayo yalikuwa magumu tu, yaliyotoka katika Kilatini, Kiyunani na Kifaransa. Neno kama "house" hakuliandika, kwani ni nani asiyelijua? Ilichukua miaka mingi hata wakaona ya kuwa maneno yajulikanayo na kila mtu ndiyo magumu kuliko yote kuelezwa. Samuel Johnson aliyaingiza katika kamusi yake ya mwaka 1755, na ile kamusi kuu ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kumalizika 1928, iliyapa kurasa nyingi sana. Herufi H ilikuwa moja ya zile alizozisimamia James Murray mwenyewe.

Herufi huwaweka jirani wasio ndugu. "House" na "home" hukaa karibu katika ukurasa, lakini asili zake ni mbali. "House" ni jengo tangu zamani. "Home" katika Kiingereza cha kale ilikuwa "ham", nayo maana yake ilikuwa kijiji, au makao ya watu pamoja na mashamba yao. Ndiyo iliyobaki katika majina ya miji yao kama Birmingham na Nottingham. "Hut" ni mgeni, aliyetoka Ufaransa katika karne ya 17. Bali "husband", yaani mume, ambaye mwanafunzi hatamdhania, ndiye ndugu wa kweli wa "house": neno hilo waliliacha watu wa kaskazini waliovuka bahari, na maana yake ni mwenye kukaa na kutawala nyumba. Kumbe Mwingereza amwitaye mume wake amekwisha kutaja nyumba bila kujua. Sisi twasema mume, tukitaja uanaume wake tu. Nyumba twaitaja penye jambo jingine, tusemapo unyumba, na kila mtu mzima afahamu.

Mpango huu wa herufi ni shida zaidi katika lugha zetu, na hapo nitageuka kidogo. Katika Kijita mtu ni omunu, na watu ni abhanu. Ukifuata herufi ya kwanza, mtu mmoja atakaa penye O, na wenzake wawili penye A, na majina karibu yote ya lugha yatajaa katika irabu chache, huku kurasa nyingine zikibaki na vitenzi tu. Kiswahili kiliwatatiza vivyo hivyo waandishi wa kwanza. Wakakubaliana kuandika jina kwa umoja wake na kitenzi kwa shina lake, nasi tumezoea hata hatuoni tena ya kuwa ni mapatano.

Tuwaangalie sasa waandishi hao. Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg katika nchi ya Wadachi, alifika Unguja mwanzo wa mwaka 1844, akahamia Mombasa mwaka ule ule. Kamusi yake kubwa ilipigwa chapa London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Kamusi hiyo yaanza na Kiswahili ikaenda kwenye Kiingereza. Jambo hili ni la maana kuliko lionekanavyo. Mwenye kuanzia Kiswahili huulizwa: neno hili mlilolisema lina maana gani? Aweza kujibu kwa hadithi nzima, kama Krapf alivyopenda kufanya, akaingiza desturi, mimea, magonjwa na maneno ya lugha za jirani. Hakuna amlazimishaye kutafuta neno la "home", maana hakuna Mswahili aliyelisema.

Mwenye kuanzia Kiingereza hana ruhusa hiyo. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, nacho kina orodha za pande zote mbili. Baada yake A. C. Madan, wa misheni ile ile ya Vyuo Vikuu, alitoa kamusi nzima ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, kisha ile ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Kazi ya Madan ni ya kusifiwa sana, tena wote waliofuata walijenga juu ya msingi wake. Lakini aandikaye kamusi kwa mpango wa maneno ya Kiingereza amefungwa: kila mstari wa Kiingereza wataka jibu, na mstari mtupu ni aibu. Kwa hiyo penye maneno matatu yenye jibu moja, jibu hilo huandikwa mara tatu kwa namna mbalimbali, na msomaji huona kwamba kila kitu kina mwenziwe. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1 Januari 1930, alitengeneza upya kamusi zote mbili. Zilitoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya kufa kwake. Mwenyewe alikuwa ameona njia nyingine, maana mwaka 1935 ilitoka kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili, ambamo neno laelezwa kwa lugha yake lenyewe. Kitabu kile ni kidogo, nami nasikitika kwamba walimu hawakukishika sana kama kile cha Kiingereza.

Je, Kiswahili hakina neno la "home"? Kinalo, lakini halikai mahali mtu atafutapo. Mswahili hutumia jina la jengo na kuongeza silabi moja: nyumba, nyumbani. Au huacha jengo kabisa akataja watu: kwetu, kwenu, kwao. Mwenye kusema "naenda kwetu" hakutaja ukuta wala paa. Ametaja watu ambao yeye ni mmoja wao. Wala hawezi kusema hivyo bila kuchagua nafsi, kwani kwetu si kwao. Kiingereza chaweza kusema "home" peke yake, bila mwenyewe, kama kitu kinachouzwa sokoni. Ndiyo sababu kamusi hutaabika: jina limekutana na kiwakilishi, na vitu hivyo viwili haviandikwi katika mstari mmoja bila kupunjana.

Tena Kiswahili kilikuwa na jina kamili, kikalitoa. Wagiriama husema mudzi kwa makao ya mtu na jamaa yake. Wakikuyu husema mũciĩ. Wazulu, mbali kusini, husema umuzi. Kwa Kiswahili ni neno lilo hilo, mji, lakini watu wa pwani waliokaa katika majumba ya mawe, wakipakana ukuta kwa ukuta, walilipandisha cheo likawa mahali penye watu wengi, soko na bandari. Mambo haya yalikwenda kinyume cha Kiingereza. Kule neno la kijiji lilishuka likawa la jamaa moja. Huku neno la jamaa moja lilipanda likawa la Mombasa na Kilwa. Pengo lililobaki limezibwa siku hizi kwa neno kaya, ambalo kwa Wasukuma na Wanyamwezi ni makao ya mtu, na kwa Wamijikenda ni ile ngome yao ya kale katikati ya msitu. Serikali hulitumia katika hesabu ya watu, kama ile ya mwaka 2022, kwa maana ya watu waishio pamoja na kushirikiana chakula. Yaani "household", neno jingine tena la H.

Na "home economics"? Waliotafuta jina lake kwa ajili ya shule za Tanzania hawakushindana na "home" hata kidogo. Waliiita sayansikimu, kutoka kitenzi kukimu, yaani kumpatia mtu mahitaji yake ya kuishi. Wakaacha mahali, wakataja kazi. Naona hiyo ni tafsiri bora kuliko nyingi zilizoandikwa na wenye elimu kubwa zaidi.

Sasa niseme habari za "hut". Mswahili wa bara hakuwahi kuiita nyumba ya mke wake kibanda, isipokuwa kwa unyenyekevu au kwa dhihaka. Kibanda ni cha kulindia shamba, au cha kuwekea kuni. Lakini Wadachi walipotoa amri ya kodi mwaka 1897, iliyoanza kutumika mwaka 1898, waliandika "Hütte", nalo ni neno la H vilevile, na kila nyumba ya shamba ikatakiwa rupia 3 kwa mwaka. Waingereza walipoitawala Tanganyika waliendelea: sheria yao ya mwaka 1922 ilitaja kodi ya "hut" pamoja na kodi ya kichwa. Sheria ilihesabu paa. Kwa mtu mwenye mke mmoja hesabu ilikuwa rahisi. Lakini katika nchi hizi za Mara, ambako kila mke alikuwa na nyumba yake, jiko lake, ghala yake na mashamba yake, mwenye wake watatu alionekana machoni pa mhesabu kuwa ana mali tatu. Mwenyewe alijua kwamba ana boma moja, na ndani yake nyumba tatu ambazo si mali yake bali ni wake na watoto. Katika nchi nyingi za Afrika zilizotozwa kodi ya namna hii watu walisongamana chini ya paa chache ili wapunguze hesabu, na desturi ya kumpa kila mke mahali pake ikadhoofika, wala si kwa mahubiri ya mtu.

Ili kufahamu nyumba ni nini kwa watu hawa, itazame desturi ya Wakurya wa Tarime iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, ambaye mara nyingi ni mjane, hutoa ng'ombe za mahari na kumwoa binti. Binti huyo huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya yule mwanamke aliyetoa ng'ombe; ndio warithi wake. Sitaki kuisifu desturi hii hapa, wala kuwaficha wasomaji kwamba binti hao, na wengine ni wadogo sana, wamepata taabu nyingi ndani yake. Nataka tu tusikie neno linavyosemwa. Jengo laweza kuwa imara, lina mlango na dari, na bado nyumba yake ikawa katika hatari ya kuzimika, kwa kuwa nyumba ni mama na uzao wake. Hiyo si "house" ya fundi mwashi. Iko karibu zaidi na ile tuisomayo katika Maandiko, nyumba ya Israeli na nyumba ya Daudi, na mwalimu wa dini afundishaye Tarime hana haja ya kuifafanua sana. Mwalimu wa Kiingereza ndiye atakayetaabika, maana kamusi yake yamwambia nyumba ni "house", naye amwambia mwanafunzi vivyo hivyo, na mwanafunzi ajua kwamba si hivyo.

Kaskazini yetu, Rorya, wakaa Wajaluo, nao hutenga mambo haya kwa maneno mawili yasiyochanganyika. Ot ni jengo la kulala. Dala ni makao yaliyowekwa kwa taratibu: mwana hutoka katika dala ya baba yake, hupelekwa mahali papya pamoja na wazee wake, na mambo hutendwa kwa mpango unaojulikana, ndipo aitwe mwenye dala. Mtu aweza kujenga ot kumi mjini, za matofali na vigae, asiwe na dala hata moja.

Tofauti hii ilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya. Silvano Melea Otieno, mwanasheria wa Nairobi, Mjaluo wa Siaya, alikufa 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alikuwa Mkikuyu wa ukoo wenye jina. Alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong, mahali penye shamba lao, akasema kwamba ndivyo marehemu alivyotaka mwenyewe. Ukoo wa Umira Kager ukapinga, ukataka azikwe Nyalgunga, katika nchi ya baba zake. Wasia wa maandishi haukuwako. Kesi ikasikiwa kwa Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya mahakama hiyo, na hivyo ot na dala zikalazimika kuingia katika kumbukumbu kwa mavazi ya "house" na "home". Upande wa ukoo ulisema kwamba marehemu, pamoja na majumba yake yote, alikuwa na "house" tu Nairobi. "Home" hakuwa nayo ila kule alikotoka. Upande wa mjane ulisema kwamba mtu aliyeishi Nairobi miaka mingi, akaoa na kulea watoto pale, akisoma vitabu vya Kizungu na kuvipenda, alikuwa na makao yake pale pale. Shahidi baada ya shahidi alitakiwa aeleze maneno hayo mawili, mzee wa kijiji na mwalimu wa Chuo Kikuu. Siku hizo magazeti ya Nairobi yalijaa habari hizo, na watu walizisoma vituoni mwa basi wakibishana.

Ukisoma habari za kesi hiyo kama mtu wa kamusi, waona kwamba wote wawili walisema kweli katika lugha zao. "Home" ya Kiingereza cha siku hizi ni mahali mtu alipoweka moyo wake. Kwa maana hiyo mjane alishinda. Dala haiulizi moyo. Yauliza nani alikupeleka, na baba yako alisimama wapi. Mahakama ilipokubali kwamba "home" ni dala, hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa, na hata hivyo hakuna kamusi yoyote ya Kiingereza iliyowapa tafsiri hiyo. Jaji Bosire alitoa uamuzi Februari 1987 kwamba Otieno alikuwa Mjaluo na desturi ya Kijaluo ndiyo imhusuyo. Mahakama ya Rufani ikauthibitisha mwezi wa Mei. Akazikwa Nyalgunga 23 Mei 1987, mjane wake asihudhurie. Sidhani ni haki kusema kwamba neno peke yake lilimshinda mama yule, kwani sheria na siasa na habari za makabila zilikuwamo pia. Lakini aliingia mahakamani akisema lugha ambayo neno lake kubwa lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na wenzake.

Huku kwetu halikutokea shauri la namna hiyo alipokufa mtu mkubwa kuliko wote wa nchi hii ya Mara. Mwalimu Julius Nyerere alikufa London 14 Oktoba 1999. Alikuwa na nyumba Msasani, Dar es Salaam, ambako wakubwa wa dunia walimtembelea. Wala hakuna aliyeuliza azikwe wapi: 23 Oktoba alizikwa Butiama, mahali paitwapo Mwitongo, karibu na wazazi wake. Jina hilo latokana na itongo, yaani mahali palipokaliwa na watu zamani wakapaacha. Watu wa pwani hupaita mahali pa namna hiyo mahame, kutoka kitenzi kuhama, na mara nyingi hupaogopa. Wazanaki hawakupaogopa, walirudi wakajenga papo hapo, na jina likabaki.